Shetani wa Ngazini

Aliyeitazama Annabelle ya mwaka 2014 hana haja ya kusimuliwa habari ya lifti: Mia ameshuka ghalani chini ya jumba, akasikia kilio cha mtoto, akakimbilia ndani na kubonyeza kitufe, na kila milango inapofunguka yu pale pale alipokuwa, kiza kile kile kikimkabili. Kwa mlango na kiza tu, mwongozaji John R. Leonetti alikwisha kutia roho zetu mkononi. Na papo hapo, kwa uamuzi nisioweza kuupatia udhuru, akampeleka mwanamke yule ngazini na kumleta shetani mwenye kiwiliwili amfukuze.

Kitu chenye pepo hutisha kwa sababu hakitikisiki, ilhali sisi twayakini kuwa kimejaa. Alipokwisha kuonekana mfukuzaji mwenye mikono na miguu, mwanasesere aliyebeba jina la filamu alisalia pambo la kabatini, na khofu, ambayo dakika moja kabla haikuwa na mpaka, ikageuka hesabu ya vidato: yeye yuko wapi, Mia yuko wapi. Joseph Bishara, aliyeuvaa mwili huo, simlaumu. Muziki wake mwenyewe ulitosha kuifanya kazi ile bila ya sura yake.

Wala nisiambiwe habari ya uchache wa fedha. Filamu iligharimu kiasi cha dola milioni 6.5, na aliye na kidogo ndiye apasaye kulishukuru giza, kwani halina ujira. Jacques Tourneur alilijua hilo tangu Cat People ya 1942, pale penye hodhi la kuogelea, ambapo kivuli na mwangwi vilitosha; na mpaka leo sijaridhika na mtayarishaji aliyetia jitu katika Night of the Demon, mwaka 1957, kinyume cha matakwa ya Tourneur, hali talasimu iliyoandikwa karatasini ilikuwa yatosha kuua. Katika Dead of Night ya 1945, Robert Hamer alitundika kioo kinachoonyesha chumba kisichokuwamo nyumbani, na hakutoka mtu humo.

Mimi ningaliiacha milango ya lifti ifunguke mara moja zaidi, na kile kigari cha mtoto kilichomo ghalani kiwe kimesogea hatua moja.