Mapenzi na Tarehe katika Outlander

Aghalabu wahakiki huzibeza riwaya-pendwa za mapenzi na miujiza, wakidai kwamba humtorosha msomaji katika historia. Outlander (1991) ya Diana Gabaldon yaonyesha kinyume. Claire, muuguzi wa Vita vya Pili vya Dunia, apita katika mawe ya kale huko Uskoti na kujikuta mwaka 1743. Huko ampenda Jamie, ilhali ajua kwamba mnamo 1746 waasi wa Nyanda za Juu wataangamizwa Culloden. Muujiza, basi, haumwepushi na historia. Wamtwika msiba ambao wenziwe hawajauona. Ni kweli kwamba masimulizi ya mahaba mara nyingine huusahau mzigo huo. Hata hivyo, riwaya ya namna hii haistahili kufungiwa mlango wa darasa kabla ya kusomwa.