Onyo na Liwazo: Mtoto, Maradhi na Vitabu vya Shule

Vitabu vya Kiswahili vinavyosomwa shuleni vimemwonya mtoto sana, lakini vimemliwaza kidogo. Hukumu hii yaweza kuonekana kali, kwa kuwa wengi wa waandishi wa vitabu hivyo walishika kalamu kwa huruma. Lakini huruma ya mwandishi ni jambo moja, na nafasi anayompa mtoto katika kitabu chake ni jambo jingine. Kwa muda mrefu tofauti hiyo haikuwashughulisha wahakiki. Ilidhihirika pale maradhi ya korona yalipofunga milango ya shule, na watoto wakabaki na hofu ambayo vitabu vyao havikuwafundisha kuitaja.

Mgonjwa wa kwanza alitangazwa nchini Tanzania tarehe 16 Machi 2020. Siku iliyofuata amri ya kufunga shule ilitolewa. Kidato cha sita kilirejea tarehe 1 Juni, lakini wanafunzi wengine wa shule za msingi na sekondari walingoja mpaka tarehe 29 Juni, yaani zaidi ya siku mia moja. Katika Mkoa wa Singida kipindi hicho kiliangukia majira ambayo mtama, uwele na alizeti vimo mashambani. Masomo yalirushwa kwa redio na televisheni. Lakini vyombo hivyo havimo katika kila nyumba ya Iramba, Mkalama, Ikungi au Manyoni, na hata vilimo, havijibu swali la mtoto. Mwanafunzi aliyezoea kelele za darasa alijikuta juu ya dungu akiamia ndege, ana wasaa mwingi wa kuwaza wala hana wa kumweleza. Alikuwa ameambiwa asishikane mikono na wenzake, na kwamba wazee ndio walio katika hatari kubwa. Kwa hiyo alianza kumwogopea babu yake, na pengine kujiogopa mwenyewe asije akampelekea mauti nyumbani. Baada ya mwisho wa Aprili hesabu za wagonjwa hazikutangazwa tena kwa muda wa zaidi ya mwaka. Ukimya wa wakubwa hauiondoi hofu ya wadogo. Huiacha ijitafutie sura yenyewe. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika mwaka wa kwanza wa maradhi hayo wahka na sonona viliongezeka ulimwenguni kwa kadiri ya asilimia 25, na kwamba vijana walikuwa miongoni mwa walioumia zaidi.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliporejea darasani alikuta katika orodha ya vitabu vyake tamthilia ya Kilio Chetu, iliyotolewa na Medical Aid Foundation katika miaka ya 1990. Hiki ndicho kitabu cha shule kilichokaribia mno hali yake, kwa kuwa kinahusu vijana na ugonjwa unaoua, yaani ukimwi. Sifa yake ni kubwa. Kilithubutu kusema kwamba wazazi wanaowaficha watoto habari za mwili wanawaandalia kaburi, na kilisema hivyo wakati ambapo wengi waliona ni aibu kulitaja jambo hilo mbele ya watoto. Jina lake lenyewe linaahidi kwamba wanaolia ni vijana na kwamba kilio ni chao.

Lakini ahadi hiyo haikutimizwa yote. Wakubwa wanabishana juu ya vijana: mama mmoja anaficha, mwingine anafundisha, na matokeo yanathibitisha nani alikuwa na haki. Suzi aliyefundishwa anasalimika. Joti na Anna, ambao hawakufundishwa, wanaangamia. Kwa mpango huo kila kijana anakuwa ushahidi katika kesi ya wazazi. Msomaji anajua kwa nini Joti ameugua, lakini hapewi nafasi ya kutosha kujua Joti anawaza nini akiwa kitandani usiku. Mwenye kuitetea tamthilia hii atasema kwamba ilitungwa ili kuokoa maisha, na kwamba anayezima moto haulizwi kama maji yake ni matamu. Utetezi huo ni wa haki kwa ukimwi, ambao kijana anaweza kujikinga nao kwa mwenendo wake. Hautoshi kwa maradhi yanayokuja kwa pumzi. Mtoto aliyefiwa na bibi yake mwaka 2020 hakuwa amefanya kosa lolote. Kitabu kinachounganisha ugonjwa na kosa kitamfikisha mahali pa kujiuliza ni kosa gani alilolitenda. Na swali hilo, likikosa wa kulijibu, ni mzigo mzito kwa mtoto.

Watoto wa Mama N'tilie, riwaya ya Emmanuel Mbogo ya mwaka 2002, inasogea hatua moja mbele. Peter na Zita wanafukuzwa shule kwa sababu ya umaskini wa nyumbani, nao wanaingia katika ulimwengu wa jalala na mitaa ya Dar es Salaam. Mbogo aliona jambo ambalo lilikuja kuonekana tena katika siku zile mia: kwamba shule, pamoja na kuwa mahali pa hesabu na sarufi, ni ukuta unaomkinga mtoto na mambo mengi. Ukuta huo ukiondolewa, kazi, njaa na watu wenye nia mbaya huingia kwa zamu. Kwa msichana wa kijijini hatari ilikuwa kubwa zaidi, maana mimba au ndoa ingeweza kumzuia asirudi tena darasani. Waraka ulioruhusu waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito kurejea katika shule za serikali ulitoka Novemba 2021 tu. Hata hivyo Mbogo humwonyesha mtoto zaidi kwa yale anayoyatenda na kutendewa. Njaa yake inaandikwa vizuri kuliko huzuni yake.

Aliyeingia ndani ya moyo wa kijana ni Euphrase Kezilahabi, aliyefariki Januari 2020, miezi miwili tu kabla ya korona kufika nchini. Katika Rosa Mistika ya mwaka 1971 alionyesha jinsi kipigo cha baba kinavyoweza kukaa ndani ya binti kwa miaka mingi, kikabadili sura na hatimaye kumwangamiza. Rosa anajiua, na kesi yake na ya baba yake inafikishwa mbele ya Mungu. Ukali wa riwaya hii umo katika jambo hilo: swali la nani alimwumiza Rosa linaulizwa wakati Rosa hayupo tena duniani kusikia jibu. Kitabu hicho kiliwahi kuzuiwa mashuleni kwa kuwa kilihofiwa kuharibu maadili. Waliokizuia walitazama mwenendo wa Rosa, wasiyatazame maumivu yake.

Kosa hilo halikuanzia vitabuni. Limo katika mazungumzo ya kila siku. Kiswahili si maskini wa maneno ya moyo: kina huzuni, simanzi, majonzi, jitimai, wahka, kihoro na kiwewe, na kila neno lina kipimo chake. Lakini maneno hayo hupewa watu wazima. Mtu mzima aliyenyamaza husemwa kuwa ana mawazo; mtoto aliyenyamaza husemwa kuwa ana kiburi, au uvivu, au anaanza kuumwa malaria. Neno la kitaalamu, afya ya akili, nalo lina mkosi wake, kwa kuwa shuleni akili ni ile inayopimwa kwa mtihani, na mtaani mgonjwa wa akili ni kichaa. Katika Singida, iliyo jirani ya Dodoma, jina la hospitali ya Mirembe limefanywa kuwa mzaha na tishio. Mtoto anayejua kwamba atachekwa kwa jina hilo hatasema kwamba halali usiku.

Wala haikuwa hivi sikuzote. Katika hadithi za Unguja alizozikusanya Edward Steere na kuzichapisha London mwaka 1870 imo habari ya nunda mla watu. Paka wa sultani anakula kuku, kisha mifugo, kisha watu, na kila mara sultani anamtetea, mpaka mnyama huyo anapowala wanawe mwenyewe. Anayekwenda kumtafuta ni mtoto wa mwisho aliyedharauliwa na baba yake. Anaua mnyama mmoja, anampeleka kwa mama yake akidhani ndiye nunda. Mama anamwambia siye. Anakwenda tena, anarudi tena, na jibu ni lile lile, mpaka siku ya nunda mwenyewe. Mama anamhofia mwanawe na angependa abaki nyumbani. Lakini kila arudipo anakitazama alichokileta na kumjibu kweli. Hapo ndipo penye ufundi wa kumlea mtoto katika hofu: mtoto analeta kila kitu anachokidhania kuwa ndicho kibaya, na mkubwa anamsaidia kukipima. Sultani aliyeficha hatari na mama aliyejibu maswali wamewekwa katika hadithi moja, ili wasikilizaji, wakubwa kwa wadogo, wachague.

Singida yenyewe inajua hofu ya namna hiyo. Mnamo 1946 na 1947 mauaji yaliyohusishwa na watu-simba yalitisha vijiji vyake, na miaka mingi baadaye watu waliendelea kuyasimulia. Hofu inayosimuliwa mbele ya wengi hugawanywa; ile ya mwaka 2020 kila mtoto alikaa nayo peke yake.

Kwa hiyo deni la waandishi ni wazi. Onyo lisiachwe, kwa kuwa hatari hazijaisha. Lakini panahitajika vitabu ambavyo mtoto wa Kiomboi au Itigi atakuta ndani yake mtoto mwenzake aliyeogopa, aliyefiwa, aliyenyamaza, kisha akapata mtu wa kumwuliza bila kuchekwa. Na mhakiki, kabla ya kupima ujumbe wa kitabu cha shule, yampasa aulize kwanza kama mtoto aliyemo ana sauti yake mwenyewe, au amewekwa tu ili wengine wajifunze kwa kaburi lake.