Lakabu za Athari: Uhakiki wa Istilahi za Majaribio ya Sehemu

Imezoeleka katika mijadala ya istilahi kudhani kwamba kazi ya mwanaisimu humalizika pindi neno linapopatikana. Makala haya yanaipinga dhana hiyo kwa kuchunguza tawi moja la takwimu, yaani majaribio ya vipengele vingi yanayofanywa kwa sehemu tu. Frank Yates wa Rothamsted, Uingereza, aliyaeleza majaribio kamili kwa utaratibu mwaka 1937; mwaka 1945 D. J. Finney akaonyesha jinsi sehemu ya michanganyo inavyoweza kutosha.

Natutunge mfano katika mashamba ya mahindi ya Kakuyuni, bara ya Malindi. Mtafiti ataka kupima mbegu (ya kienyeji au chotara), samadi (bila au pamoja nayo) na wakati wa kupanda (kuchelewa au kuwahi mvua za mwaka). Vipengele vitatu vyenye hali mbili mbili huzaa michanganyo 8. Ikiwa ana nafasi ya vipande 4 tu, huchagua chotara peke yake, samadi peke yake, kuwahi peke yake, na yote matatu pamoja. Athari ya mbegu hupatikana kwa kujumlisha mavuno ya vipande viwili vya chotara, kutoa mavuno ya viwili vya kienyeji, na kugawa kwa 2. Lakini hesabu ile ile, bila kubadilika hata alama moja, ndiyo inayopima mwingiliano wa samadi na wakati wa kupanda.

Mtafsiri anayeliandama neno la Kiingereza ataelekea kuliita jambo hili "mkanganyo". Istilahi hiyo haifai. Mkanganyo kwetu ni kosa lililompata mtu bila kutaka, ilhali hapa ni bei iliyokubaliwa kabla jembe halijashikwa. Twapendekeza "lakabu", neno walilolizoea watunzi wa mashairi. Athari ya mbegu na mwingiliano ule ni lakabu za tarakimu moja, na asomaye lakabu hulazimika kuuliza mwenyewe ni nani.

Suala hili si la maneno matupu. Wanatakwimu huruhusu lakabu kwa kudhani kwamba mwingiliano ni mdogo. Katika pwani ambako mvua haina uhakika, samadi na unyevu hutegemeana, na mkulima angeweza kuitilia shaka dhana hiyo tangu mwanzo. Taarifa ikitangaza tu kwamba chotara imeongeza mavuno, mkulima atanunua mbegu kila msimu, na huenda faida ilitokana na samadi iliyokutana na mvua.

Hata hivyo, tusiilaumu mbinu yenyewe. Vipengele 5 huhitaji vipande 32. Nusu iliyochaguliwa vyema huhitaji 16, na kila athari kuu hupata lakabu ya mwingiliano wa vipengele vinne, ambao ni nadra kuwa mkubwa. Hata pale Kakuyuni, vipande 4 vilivyoachwa vikipandwa baadaye vyaweza kuzitenganisha lakabu zile. Kasoro ni ya taarifa inayotaja jina moja na kulificha la pili. Istilahi njema ni ile inayomzuia mwandishi asifiche. Kwa hiyo kila jedwali la athari lichapishwe pamoja na lakabu zake, kwa Kiswahili kinachoweza kusomwa shambani.