Kabla ya Uzi

Kiswahili kina neno moja kwa anayepanga ushanga na anayepanga beti: wote wawili wanatunga. Sifa tumempa mwenye uzi, na kwa haki. Lakini mimi namtaka aliyemtangulia, yule aliyeifanya chembe.

Unguja Ukuu, kusini mwa kisiwa cha Unguja, wanaakiolojia wamefukua shanga za kioo za milenia ya kwanza, nyingi zikiwa ndogo kuliko punje ya mchele. Sehemu kubwa zilitoka Asia ya Kusini, na zilifanywa kwa kuvutwa. Ufundi huo ulidumu hadi karne ya 20 katika kijiji cha Papanaidupet, jimbo la Andhra Pradesh nchini India.

Mchanga huyeyushwa pamoja na magadi. Bonge la kioo kilicholainika hukusanywa kwenye chuma kirefu, likatobolewa katikati, likarudishwa tanurini. Fundi huinasa ncha yake akaanza kuvuta, na kioo humfuata kikiwa mrija mwembamba kama chelewa. Akiongeza kasi, mrija unakonda, akizubaa, unanenepa. Huuvuta hivyo kwa saa nyingi, joto likimwakia usoni, na kipimo hana ila mkono wake. Ajabu kwangu ni tundu: halizibi, linarefuka na kukonda pamoja na mrija. Kwa hiyo ile nafasi tunayopitishia uzi haikutobolewa chembe kwa chembe. Ilikuwamo tangu kwenye bonge.

Baadaye mrija hukatwa vipande vidogo, vikachanganywa na majivu na kukorogwa juu ya moto mpaka makali ya kingo yaishe. Majivu huzuia vipande visigandane. Rangi nayo ina elimu yake: wekundu wa matofali ni wa shaba iliyonyimwa hewa motoni, na umanjano ni wa risasi na bati.

Siku hizi watafiti huidonoa chembe kwa mwale wa leza, wakaacha kishimo kisichoonekana kwa macho, kisha wakapima kilichomo. Bariamu ikiwa nyingi na urani kidogo, mchanga huwaelekeza kusini mwa India na Sri Lanka. Mizani ikigeuka, huwaelekeza magharibi mwa India. Fundi hakuandika popote alikotoka, ila aliuchota mchanga wa kwao.

Kinachonigusa zaidi huonekana kwa hadubini tu. Ndani ya kioo mna viputo. Kioo kilichozungushwa kwenye kijiti cha chuma, viputo vyake hulizunguka tundu. Kilichovutwa, viputo vyake hurefuka na kulala sambamba na tundu, vyote vikielekea upande mmoja, kule mkono wa fundi ulikokuwa ukivuta.