Nyumba Zilizohamishwa

Kwa wakazi wengi wa Dar es Salaam, Makumbusho ni stendi ya daladala. Yale makumbusho yaliyoipa stendi jina, yaani Makumbusho ya Kijiji, yako jirani tu, kando ya barabara ya Bagamoyo. Yalifunguliwa mwaka 1966, nchi ikiwa bado changa, na wazo lake lilikuwa zuri: nyumba za makabila mbalimbali zijengwe kwa ukubwa wake halisi, kwa miti, udongo na nyasi, Mtanzania aizunguke nchi yake kwa miguu mchana mmoja.

Nimezunguka. Msonge wa Wahaya unapendeza, paa lake la nyasi likishuka hadi karibu na ardhi. Lakini migomba iko wapi? Kule Kagera nyumba ya namna hii ilimezwa na kibanja. Hapa imesimama uwanjani kama mtu aliyeitwa kupigwa picha ya pasipoti. Tembe la Wagogo ndilo linaloniuma zaidi. Paa lile bapa la udongo lina sababu zake: Dodoma mvua ni haba na upepo ni mkali. Ukilipeleka Kijitonyama, kwenye masika ya pwani, sababu hizo zote zinabaki nyuma. Mgeni anaondoka akijua tembe lina umbo gani, hajui kwa nini.

Japani, katika mkoa wa Shimane, Makumbusho ya Sanaa ya Adachi yamekwenda njia nyingine. Madirisha yake yamekuwa fremu. Ukitazama nje, bustani ni picha, na milima ya mbali, isiyo mali ya makumbusho, imo ndani ya picha hiyo. Ila hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, Padri David Clement kutoka Kanada alianza ujenzi miaka ya 1950 katikati ya majabali ya Usukuma. Banda la ngoma za watemi lina umbo la kiti cha enzi. Unaweza kubishana na padri huyo: kanisa lililochukua alama za utemi likaziweka altareni lina maswali ya kujibu. Lakini majabali yako palepale, na Wasukuma wako palepale, hakuna aliyehamishwa.

Sisi wa Morogoro jambo hili linatuhusu. Siku mkoa ukitaka kuhifadhi nyumba ya Mluguru, njia rahisi itakuwa kuijenga Msamvu, kwenye tambarare, karibu na stendi ya mabasi, ili abiria wa Dodoma na Iringa waione bila kuchoka. Safu ya Uluguru itaonekana nyuma yake, nzuri kabisa, kama kalenda ya ukutani. Mimi nitapinga. Mwaka 1955 watu wa Matombo waliinuka dhidi ya serikali ya kikoloni iliyowalazimisha kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko yao. Ugomvi huo utauelezaje kwenye kiwanja kilichosawazishwa? Mgeni inabidi apande, magoti yatetemeke, aone shamba lilivyosimama wima, na bondeni aone kijito kinachokwenda kuingia Ruvu, mto ambao Dar es Salaam inakunywa maji yake, huenda hata pale Kijitonyama.