Salamu ya Daktari katika Mchezo wa Wit

Mchezo wa kuigiza uitwao Wit, ulioandikwa na Margaret Edson wa Marekani, ulichezwa mara ya kwanza California mwaka 1995, na mwaka 1999 ukapata tuzo ya Pulitzer. Kabla ya kuutunga, Edson alipata kuwa karani katika wodi ya wagonjwa wa saratani na UKIMWI, na jambo hilo ladhihirika: hospitali yake yasema kama hospitali zisemavyo.

Mhusika mkuu ni Vivian Bearing, profesa wa miaka 50, bingwa wa mashairi ya John Donne. Daktari Kelekian amwambia kuwa ana saratani ya ovari iliyofika hatua ya nne, na papo hapo amtaka akubali duru nane za dawa kali, kila duru kwa kipimo kamili.

Desturi ni kuusoma mchezo huu kuwa shtaka juu ya madaktari wasio na huruma. Usomaji huo si wa uongo, ila ni mfupi. Katika wodi ile maneno hayakupunguka hata kidogo; kila mtu asema, tena kwa wingi. Kilichopunguka ni neno linalongoja jibu.

Mchezo wafunguliwa kwa salamu. Bearing, amevaa kofia kichwani pasipo unywele, awasalimu watazamaji kwa maneno yale yale ambayo madaktari humwamkia kila siku: wamwuliza aonaje hali, naye hujibu kuwa ni njema. Asema amewahi kuulizwa hivyo huku akitapika ndani ya beseni, na asikitika kuwa siku watakapomwuliza naye amekwisha kufa hatakuwapo kuisikia. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kufafanuliwa kichekesho hiki. Aulizwaye “hujambo?” hujibu “sijambo” hata kama homa yamtetemesha, ndiyo adabu. Lakini kwa Waswahili mazungumzo hayakomi hapo. Mwenye kuuliza huketi, akauliza habari za tangu jana, na mgonjwa, baada ya “sijambo” yake, huleta ile “ila” ambayo ndiyo habari yenyewe. Salamu ni hodi tu. Daktari kijana Jason Posner hupiga hodi, akaitikiwa, akaenda zake. Tena mara moja Kelekian alazimika kumkumbusha, mbele ya wanafunzi wenziwe, kwamba aliyelazwa pale na tumbo wazi apaswa kushukuriwa.

Ustadi wa Edson waonekana zaidi katika kumnyima Bearing haki ya kulalamika. Kelekian anapoueleza ugonjwa, atumia neno moja ambalo kwa tabibu lamaanisha uvimbe usioonyesha dalili mapema. Bearing alisikia kwa maana ya khiana, akaanza kulichambua, na maelezo mengine yakampita. Wote wawili ni walimu, na kila mmoja yumo katika somo lake. Alipokuwa darasani, mwanafunzi aliyefiwa na bibi yake alimwomba muda zaidi, naye akamkatalia. Mwalimu wake wa zamani, Bibi Ashford, alimwonyesha kuwa katika soneti ya Donne juu ya mauti pawekwe mkato tu, si nukta mkato, kwa kuwa baina ya uhai na umilele hapana ila pumzi; kisha akamwambia atoke akae na rafiki zake. Bearing akarudi maktaba.

Anayesema naye hasa ni mwuguzi Susie Monahan. Wengi humsifu kwa upole, na hapo humpunja. Usiku ule walipogawana barafu tamu ya kijiti, Susie alimpa habari ambazo madaktari walizizunguka: kwamba dawa hazitamponya, kisha akamwuliza atendewe nini moyo wake ukisimama, naye akachagua kuachwa aende. Swali hilo lilitaka jibu, na jibu likaandikwa. Baadaye, Bearing anapoiita dawa ya maumivu kwa neno la kisomi lenye maana ya kuleta usingizi, Susie hakulijua. Ajibu kwamba neno hilo halijui, ila dawa hiyo yaleta usingizi kweli, na wote wawili wacheka. Mfasiri atapata taabu hapo, kwa maana kwa Kiswahili profesa na mwuguzi wangesema neno moja.

Mwisho wa mchezo, ambapo Bearing avua nguo na kuiendea nuru, una uzuri wa jukwaani kuliko nguvu. Yenye nguvu ni ghasia iliyotangulia. Moyo umesimama, Jason aita watu wa kuufufua, akipiga kelele kuwa mgonjwa huyu ni wa utafiti, na Susie amvuta akimkumbusha amri iliyokwisha andikwa, ambayo Jason mwenyewe alikuwapo ilipotolewa. Kijana huyu aliwahi kuwa mwanafunzi wa Bearing, na katika somo la mashairi ya karne ya kumi na saba alipata alama ya juu.