Kifo cha Mfalme Harold kwa Sindano na Uzi: Jinsi ya Kuipima Kazi Hii

Tarehe 14 Oktoba 1066, Mfalme Harold wa Uingereza aliuawa vitani karibu na Hastings, akipigana na jeshi la William wa Normandy. Picha mashuhuri kuliko zote ya kifo hicho ilidariziwa kwa sufu juu ya kitani katika karne hiyohiyo ya 11. Imo kwenye kitambaa cha Bayeux, chenye urefu wa karibu mita 70 na kimo cha nusu mita. Watazamaji wengi hukimbilia kuuliza kama mshale ulimpata jichoni. Mjuzi huanza na mkono wa fundi.

Kwanza, kagua ujazo. Fundi alilaza nyuzi za sufu sambamba hadi zikaziba sehemu nzima, akakingamisha nyuzi nyingine juu yake, kisha akazibana hizo kwa vishono vidogo. Ujazo mzuri umetulia, haujakunjamana, wala kitani hakichungulii. Ubora wake mwingine ni kwamba sufu karibu yote hubaki upande wa mbele. Uzi haupotei bure.

Pili, fuata mstari. Nyuso na mikono haikujazwa sufu. Imechorwa kwa mstari wa uzi tu juu ya kitani kitupu. Hapo fundi hana pa kujificha. Vishono vichache tu lazima vitoshe kuonyesha kiganja cha mtu aliyeshika mti wa mshale.

Tatu, upime mwili unaoanguka. Kulia kwa mtu mwenye mshale yupo mwingine: mpanda farasi amemwinamia na kumkata paja kwa upanga, naye anapinduka huku shoka likimtoka mkononi. Picha dhaifu za vita humlaza marehemu kana kwamba amesinzia. Hapa uzito umeshahama, mwili haujafika chini, na jicho lako linaumalizia mwendo wenyewe.

Nne, soma mpangilio. Jina la Harold limeandikwa juu ya mtu wa mshale, na maneno ya Kilatini ya kuuawa kwake yako juu ya huyu anayeanguka. Baadhi ya wataalamu husema wote wawili ni Harold, kwa hatua mbili za kifo kimoja. Kwenye pindo la chini, watu wanawavua maiti deraya zao. Pindo hilo ni sehemu ya habari: juu mfalme anakufa, chini maiti wanaporwa.

Mwisho, tenga kazi ya fundi na ya mkarabati. Kitambaa hiki kilitiwa viraka na kushonwa upya mahali pengi, hasa karne ya 19. Mchoro wa kitambaa hiki uliofanywa na Antoine Benoît mwaka 1729 unaonyesha mti usio na manyoya mkononi mwa mtu wa mshale. Katika mchoro wa Charles Stothard, uliofanywa karibu miaka 90 baadaye, ni mshale wenye manyoya. Kwa hiyo mshale huo maarufu usiwe msingi wa kumsifu fundi wa kale.

Hukumu yangu ni hii: ubora wa picha hii uko kwa mtu anayeanguka. Ukipata nakala yake nzuri, mtazame huyo kwanza, tena kwa muda mrefu, kabla hujaingia kwenye ubishi wa mshale.